Taa Ifuate Kazi: Kupanga Mwanga wa Kila Chumba Nyumbani

Hii ni mada iliyotolewa kwa wakazi katika kikao cha uhamasishaji kuhusu makazi na matumizi bora ya kawi. Imechapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Hapa pwani jua huchomoza na kuzama karibu saa ile ile mwaka mzima. Kufikia saa moja jioni giza limeshaingia. Wakati huo mboga bado haijakatwa, mtoto hajamaliza kazi ya shule, vyombo havijaoshwa na mzee bado ana safari mbili tatu za msalani kabla ya alfajiri. Sehemu kubwa ya kazi za nyumbani hufanywa chini ya taa. Hata hivyo, nyumba inapojengwa, taa ndiyo hufikiriwa mwisho. Fundi huambiwa, "Weka taa kila chumba," naye huweka holda moja katikati ya silingi, swichi moja kando ya mlango, kazi ikaisha.

Matokeo yake yanajulikana. Anayeosha vyombo husimama akiipa taa mgongo, na kivuli chake huangukia sinki. Mtoto hukaa pembeni mwa sebule ambako mwanga haufiki vizuri. Mwenye kulala huzima taa mlangoni kisha hupapasa gizani hadi kitandani. Chumba kina taa, lakini mwanga haupo mahali unapohitajika.

Jambo kuu la mada hii ni moja: mwenye nyumba aanze na kazi inayofanyika chumbani, kisha aamue mahali pa taa. Mpango huo ukifanywa kabla ya ukuta kupigwa plasta, gharama yake ni ndogo. Ukifanywa baadaye, ukuta hukatwa upya, plasta na rangi hurudiwa, au waya huachwa ukining'inia.

Mpango huanzia kwenye karatasi

Mkazi achore nyumba yake juu ya karatasi, hata kwa kalamu ya mtoto. Aweke milango, madirisha, kitanda, meza, sinki na jiko. Kisha ajiulize maswali matatu kwa kila chumba. Mikono inafanya kazi wapi? Macho yanasoma wapi? Miguu inapita wapi usiku? Kila jibu liwekewe alama. Alama hizo ndizo pointi za taa, na ndizo fundi atakazopigia hesabu.

Swichi nazo zichorwe. Swichi iwe upande ambao mlango unafungukia, ili anayeingia aifikie kabla ya kuingia gizani. Mlango ukiifunika swichi ukifunguliwa, kosa hilo litamsumbua kila anayeishi humo kwa miaka mingi.

Mwanga wa mchana usisahaulike. Kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Rangi nyeupe au hafifu ukutani na kwenye silingi hurudisha mwanga chumbani, ilhali rangi nzito na moshi wa miaka mingi huumeza. Jiko lililofuka moshi likisafishwa na kupakwa chokaa upya, huonekana kana kwamba limeongezewa taa.

Kusoma pakiti ya balbu

Watu wengi wamezoea kununua balbu kwa wati. Wati huonyesha umeme unaotumika. Mwanga unaotoka hupimwa kwa lumeni, na ndiyo namba ya kutafuta kwenye pakiti. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutoa takriban lumeni 800. Balbu ya LED ya wati 9 hivi hutoa mwanga huo huo. Tofauti ni kwamba umeme mwingi unaoingia kwenye balbu ya waya hugeuka joto, na katika nyumba za pwani hakuna anayehitaji joto la ziada.

Hesabu yenyewe si ngumu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku, kwa siku 30, hula yuniti 9. LED ya wati 9 kwa saa hizo hizo hula yuniti moja na kitu kidogo, yaani 1.35. Mkazi achukue bei ya yuniti kutoka kwa risiti yake ya tokeni, azidishe, aone mwenyewe.

Kuhusu ukubwa wa mwanga, sebule au chumba cha kulala huhitaji takriban lumeni 100 kwa kila mita ya mraba. Mahali pa kusoma, kushona au kukata vyakula panahitaji mara tatu ya hapo au zaidi. Chumba cha mita 3 kwa mita 4 kina mita za mraba 12, kwa hivyo kinahitaji takriban lumeni 1,200. Kwa kuwa sehemu ya mwanga hupotea kwenye kuta, vumbi na kifuniko cha taa, balbu mbili za lumeni 800 zinatosha vizuri.

Rangi ya mwanga huandikwa kwa kelvini. Namba 2,700 au 3,000 ni mwanga wa manjano, mtulivu, unaofaa chumba cha kulala na mahali pa kupumzikia. Namba 4,000 ni mweupe wa kawaida, unafaa jikoni na mezani. Namba 6,500 ni mweupe unaoelekea buluu. Huu wa mwisho ndio umejaa madukani, na wengi huununua wakidhani una nguvu zaidi. Nguvu hujulikana kwa lumeni, wala si kwa weupe.

Kabla ya kulipa, mnunuzi atafute alama ya ubora ya KEBS na aombe balbu ijaribiwe dukani. Pia anaweza kuitazama kupitia kamera ya simu. Mistari meusi ikipitapita kwenye kioo cha simu, balbu hiyo inapepesa, hata kama jicho halioni moja kwa moja. Balbu ya aina hiyo haifai meza ya kusomea.

Jikoni

Jiko lina visu, moto na maji ya moto, kwa hivyo lipewe mwanga wa kutosha kuliko vyumba vingine. Taa moja iwe ya silingi kwa chumba chote. Taa ya pili iwe mbele ya anayefanya kazi, juu ya kaunta au sinki. Kama kuna kabati la ukutani, LED fupi ya wati 5 chini yake inatosha. Kama hakuna kabati, holda ya ukutani iwekwe juu ya kaunta, mbali na maji na mbali na mvuke wa sufuria.

Wanaopikia kuni au makaa katika jiko la nje wanahitaji mwanga vile vile. Huko, taa iwe na kifuniko kinachozuia vumbi na moshi, ifutwe mara kwa mara, na isikae juu ya moto. Taa ya sola ya kuning'iniza inafaa sana kwa sababu haina waya wa kuvutwa kutoka nyumbani kupitia uani.

Sebuleni na mezani pa mtoto

Sebule ina kazi nyingi: wageni, televisheni, chakula, mazungumzo na masomo. Badala ya taa moja kali, ziwe mbili zenye swichi tofauti. Jioni ya kawaida iwake moja. Wageni wakija ziwake zote.

Anayetazama televisheni asikae katika giza tupu, kwa maana macho huchoka kuhama kati ya kioo kinachong'aa na chumba cheusi. Taa isiwe mbele ya kioo pia, ili isirudishe mng'ao. Taa ndogo upande wa nyuma au pembeni ndiyo inayofaa.

Mtoto anayesoma apewe mahali pake, hata kama ni pembe ya meza ya kulia. Taa ya mezani ya wati 7 inatosha ikiwa karibu na kitabu. Kwa anayeandika kwa mkono wa kulia, taa ikae kushoto. Kwa anayeandika kwa mkono wa kushoto, ikae kulia. Hivyo kivuli cha mkono hakifuniki maandishi. Taa ya chumba nayo iendelee kuwaka, ili kusiwe na tofauti kubwa kati ya kitabu na giza linalomzunguka.

Vyumba vya kulala

Chumba cha kulala kinahitaji mwanga mdogo kuliko vingine, lakini swichi zake ndizo zenye umuhimu. Fundi anaweza kuunganisha swichi mbili kwa taa moja, moja mlangoni na nyingine kando ya kitanda. Gharama ya ziada ni swichi na waya kidogo, nayo humwondolea mtu safari ya gizani kila usiku wa maisha yake.

Taa isiwe juu ya uso wa anayelala. Penye chandarua, balbu ya waya inayotoa joto isikaribie kitambaa. Mshumaa na koroboi visiingie kabisa chini ya chandarua wala kuwekwa kando yake.

Njia ya usiku na msala

Hapa ndipo wazee huumia. Kadiri umri unavyosonga, jicho hupitisha mwanga kidogo zaidi. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20. Taa ambayo kijana huiona inatosha, kwa bibi au babu ni giza. Hatua moja ya ngazi isiyoonekana, au maji yaliyomwagika mlangoni, yanaweza kumvunja nyonga.

Njia kutoka kitandani hadi msalani itazamwe kama chumba kimoja. Iwe na taa ndogo isiyoumiza macho, iliyo chini ukutani au kwenye korido. Kwenye ngazi, swichi iwe juu na nyingine iwe chini. Kama choo kiko nje, taa ya sola yenye kihisi cha mwendo huwaka mtu anapokaribia na kuzima anapoondoka. Haidai tokeni, na huwasaidia kina mama na wasichana kwenda uani usiku bila hofu.

Ndani ya bafu, maji na umeme havichangamani. Swichi ya kawaida ikae nje ya mlango, au ndani iwekwe ya kuvuta kwa kamba. Holda iwe ya kufunikwa, isiyoingia maji. Asiwepo wa kugusa swichi kwa mkono ulioloa.

Nje ya nyumba

Taa ya nje iangaze mlango, kufuli na hatua za kuingilia. Ielekezwe chini. Taa kali inayomulika macho ya mpita njia humsaidia mhalifu, kwa sababu mwenye nyumba akitazama nje haoni kilicho nyuma ya mng'ao. Mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe wa kibuluu, na huo pekee ni sababu nzuri ya kuuchagua kwa baraza.

Kwa nyumba zilizo karibu na ufuo kuna jambo moja zaidi. Watoto wa kasa wakianguliwa usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa asili ni upande wa bahari. Taa kali za majumba huwapoteza, wakaelekea nchi kavu na kufa. Wakazi wa ufuoni waelekeze taa chini, waufunike upande wa bahari, na wazime zisizohitajika.

Nyumba ya chumba kimoja

Wakazi wengi wamepanga chumba kimoja ambacho ni jiko, sebule, chumba cha kulala na darasa kwa pamoja. Kanuni haibadiliki. Taa ya silingi ibaki kwa chumba chote. Taa ya pili, ya kubana mezani au ya kuchaji, ihamishwe kwa anayefanya kazi. Pazia likigawa chumba, mtoto anaweza kuendelea kusoma upande mmoja huku mdogo wake akilala upande wa pili.

Kinachohatarisha maisha katika nyumba hizi ni waya wa kuunga. Waya mwembamba unaotoka kwenye holda kulisha televisheni, pasi na jiko la umeme hupata moto ndani ya plastiki bila kuonekana. Wenye nyumba za kupangisha wana wajibu hapa: soketi za kutosha, taa ya korido inayofanya kazi, na waya usiopita juu ya mabati bila paipu. Moto wa chumba kimoja huteketeza ploti nzima.

Fundi na usalama

Kazi ya umeme ifanywe na fundi aliye na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti kawi na petroli. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kazi kuanza, na kuomba cheti cha kazi inapokamilika. Kwa kawaida nyaya za taa huwa za milimita za mraba 1.5 na za soketi 2.5, kila kundi likiwa na breka yake. Waya wa ethi usiachwe kwa kisingizio cha kupunguza gharama. Kifaa cha kukata umeme unapovuja nacho kinaokoa maisha.

Nyumba za makuti zinahitaji uangalifu wa ziada. Nyaya zote zipite ndani ya paipu, maungio yawe ndani ya visanduku, na balbu zenye joto zisikaribie paa. Hewa ya chumvi hula shaba na chuma, kwa hivyo holda na swichi zikaguliwe mara kwa mara. Swichi inayotoa cheche au yenye harufu ya kuungua izimiwe umeme pale pale na fundi aitwe.

Pasipo na stima

Kwa nyumba ambazo hazijafikiwa na nyaya, koroboi isiwe mpango wa kudumu. Moshi wake huingia mapafuni, mwanga wake ni hafifu, huanguka kwa urahisi, na mafuta ya taa yakiwekwa kwenye chupa ya soda mtoto huyanywa akidhani ni kinywaji.

Mpango mdogo wa sola hufuata hesabu ile ile. Balbu 4 za wati 5 zikiwaka saa 4 zinahitaji wati-saa 80 kwa usiku. Betri ya volti 12 na ampea-saa 20 hubeba wati-saa 240. Ikitumika nusu tu ili idumu, inatoa 120, kwa hivyo inatosha na kubakisha kidogo. Paneli ya wati 50 inaweza kuijaza kwa siku yenye jua. Huku kusini mwa ikweta paneli ielekee kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua ioshe vumbi, na isiwe chini ya kivuli cha mnazi au mwembe.

Hesabu ya nyumba nzima

Hii ni nyumba ya mfano yenye vyumba viwili vya kulala, yenye balbu za LED:

- Sebule: mbili za wati 9, saa 5, wati-saa 90
- Meza ya kusomea: wati 7, saa 3, wati-saa 21
- Jikoni: wati 9 na wati 5, saa 3, wati-saa 42
- Vyumba viwili: wati 7 kila kimoja, saa moja na nusu, wati-saa 21
- Korido: wati 5, saa 4, wati-saa 20
- Msala: wati 5, saa 2, wati-saa 10
- Nje: wati 7, saa 11, wati-saa 77

Jumla ni wati-saa 281 kwa siku, yaani yuniti 8.4 hivi kwa mwezi. Nyumba hiyo hiyo ikitumia balbu za waya za wati 60 na 40 mahali pale pale, ingekula karibu yuniti 55. Taa kumi za LED zilizowekwa vizuri hugharimu umeme mdogo, hasa kila moja ikiwaka pale tu inapohitajika.

Taa ya nje pia itazamwe. Ni moja tu na ni ndogo, lakini hula zaidi ya robo ya umeme wote wa taa kwa kuwa huwaka usiku kucha. Ikibadilishwa kuwa ya sola au ya kihisi, mwenye nyumba huokoa zaidi ya yuniti 2 kila mwezi.

Tyubu na balbu za zamani za kuokoa umeme zina zebaki ndani yake. Zisivunjwe wala kuchomwa. Ikivunjika moja, madirisha yafunguliwe, watu watoke kwa muda, vipande viokotwe kwa karatasi ngumu badala ya mkono mtupu na vifungwe vizuri. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilikubaliana mwaka 2023 kusitisha utengenezaji na biashara ya taa hizo ifikapo 2027, kwa hivyo anayejenga sasa asiziwekee holda mpya.

La kufanya jioni ya leo

Si lazima mtu asubiri kujenga. Jioni hii, giza likiingia, kila mmoja azunguke nyumba yake taa zikiwa zimewashwa. Asimame kwenye sinki na kutazama kivuli chake kinaangukia wapi. Akae kwenye kiti cha mtoto na kufungua kitabu. Atembee kutoka kitanda cha mzee hadi msalani, pole pole, kama mzee mwenyewe anavyotembea. Mahali atakapojikwaa au kukaza macho ndipo pa kuanzia, na mara nyingi balbu moja iliyohamishwa itatosha.

 Maswali yanakaribishwa, na mafundi waliopo wako tayari kuyajibu.